Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13-17



Mwezi wa Novemba Kanisa letu huwakumbuka waliotutangulia. Tarehe 1 ni siku ya Watakatifu Wote, tarehe 2 twawakumbuka marehemu wetu, na Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 makanisa mengi ya Kianglikana duniani huwakumbuka waliokufa vitani. Kwetu Tanzania mwezi huu una kumbukumbu yake pia. Siku ya Watakatifu Wote, mwaka 1978, redio ya Uganda ilitangaza kwamba sehemu ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera imetwaliwa na majeshi ya Idi Amin. Kesho yake, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alisema na taifa, akatangaza kwamba tutapigana. Wengi wenu mnaosoma maneno haya mlikuwa hamjazaliwa. Lakini wapo wazee kati yetu, hapa Ngokolo na mitaa ya jirani, ambao siku ile walikuwa vijana wenye nguvu, na maneno yale ya redio yaliwatoa shambani na kuwapeleka mtoni.

Kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukiwatembelea wazee hao na kuandika kumbukumbu zao. Tuliombwa kazi hiyo na watu wanaotayarisha kitabu cha historia ya vita. Walichotaka hasa ni habari za mashambulio ya usiku kwenye mahandaki: askari walitoka wangapi, walitambaa vipi, walibeba silaha gani, walirudi wangapi. Vijana wetu wa kwaya waliipokea kazi hiyo kwa furaha. Nani asiyependa kusikia habari za ushujaa? Leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata katika kazi hiyo, na jinsi Neno la Mungu lilivyotukemea na kutufundisha.

Yatupasa kwanza kulitazama somo letu, maana nalo ni habari ya shambulio la namna hiyo hiyo.

Daudi alikuwa amejificha katika pango la Adulamu. Ulikuwa wakati wa mavuno, wakati wa jua kali. Wafilisti walikuwa wamepiga kambi katika bonde la Warefai, na ngome yao ilikuwa Bethlehemu kwenyewe, mji aliozaliwa Daudi. Daudi akaona kiu. Akakumbuka kisima cha kwao, kile kilicho karibu na lango la mji, akasema kwa kutamani tu: laiti mtu angeniletea maji ya kisima kile! Hakutoa amri. Alisema neno la mtu mwenye kiu na mwenye kuwaza nyumbani. Lakini mashujaa watatu walimsikia. Wakapenya katikati ya kambi ya adui, wakateka maji, wakayabeba, wakamletea. Naye Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akasema kwamba hawezi kunywa maji hayo, kwa kuwa ni kama damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha nafsi zao.

Tulipokuwa watoto wa Shule ya Jumapili, somo hili lilitushangaza. Tuliona kama Daudi amewadharau wale watatu. Watu wanahatarisha maisha yao, nawe unamwaga maji chini? Sisi tuliokulia Shinyanga twajua thamani ya ndoo moja ya maji mwezi wa Oktoba. Lakini Daudi hakumwaga maji yale kwa dharau. Aliona bei yake. Aliona pia kwamba kiu yake yeye ndiyo iliyowapeleka vijana wale kwenye hatari. Neno lake jepesi, alilolisema akiwa ameketi kivulini pangoni, liliwatuma watu watatu katikati ya panga za adui. Basi maji hayo hayakuwa tena kinywaji cha kuburudisha koo. Yalikuwa sadaka.

Sasa turudi kwa wazee wetu.

Historia ya vita vile inajulikana. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora mali na mifugo, na mapema Novemba yakabomoa daraja la Kyaka. Jeshi letu halikuwa tayari kule kaskazini. Ilibidi malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yachukuliwe yabebe askari. Waliitwa Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, magereza, na mgambo, yaani wakulima na wafanyakazi waliojifunza kushika bunduki kijijini. Mwezi huo huo wa Novemba askari wetu walivuka mto. Januari 1979 waliiteka Mutukula, mji wa mpakani. Mwisho wa Februari waliingia Masaka na Mbarara, na katika njia ya Mbarara brigedi ya 206 iliongozwa na Silas Mayunga, aliyeitwa Mti Mkavu. Machi walipigana vita vikali katika matope ya Lukaya. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mwanzoni mwa Juni vita vikaisha. Mamia ya askari wetu wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba.

Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo vitabuni ni yale aliyotueleza mzee mmoja wa hapa kwetu. Hatutamtaja jina, na haya machache twayaandika kwa ruhusa yake.

Mwaka 1978 alikuwa kijana wa mgambo, mlimaji wa pamba, hajafika mpaka wa mkoa wake tangu azaliwe. Alifundishwa kwa haraka, akapelekwa Mwanza, akavuka ziwa kwa meli. Alisema kwamba hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile, na kwamba alitapika hata akatamani vita. Wasikilizaji wote wakacheka. Alitueleza jinsi walivyochimba mahandaki kwa majembe, na kwamba katika kazi hiyo mlimaji wa pamba alikuwa mwalimu na askari wa mjini alikuwa mwanafunzi. Alitueleza habari za mvua, chawa, na mihogo waliyoichoma bila moshi. Kisha akaanza kutueleza usiku mmoja. Walitumwa wanne kwenda kwenye handaki la adui. Walivua kila kitu kinachogongana. Walitambaa muda mrefu. Walipofika karibu wakalala kifudifudi, wakingoja ishara.

Akasema: nilisikia wanazungumza.

Ndugu, kumbukeni kwamba lugha ya jeshi la Uganda ilikuwa Kiswahili. Mzee wetu hakusikia lugha ya kigeni gizani, wala sauti ya mnyama. Alisikia Kiswahili. Lafudhi ilikuwa ya kule, lakini alielewa kila neno. Mtu mmoja ndani ya handaki alimwuliza mwenzake kama chumvi imebaki. Mwenzake akajibu kwamba imebaki kidogo, waiweke ya kesho.

Hapo mzee alinyamaza. Kijana wetu mmoja, aliyekuwa ameshika simu ya kurekodia, alikuwa na kiu ya kusikia mwisho. Akauliza kwa heshima, lakini akauliza: "Guku, mliua wangapi?"

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, zima hiyo simu."

Tulizima. Tukamwombea, tukamshukuru, tukaondoka tukidhani kazi imekwenda vizuri. Tulifurahia hata habari ile ya chumvi, tukasema njiani kwamba itapendeza sana kitabuni.

Siku ya nne mke wake alitujia. Ni mama mpole, asiyepaza sauti. Alikataa kuketi. Akasema: "Baba Mchungaji, na ninyi wengine. Tangu mje, mzee halali. Anaamka usiku, anakaa mlangoni mpaka kunakucha. Mmemrudisha kule mtoni, mkaniachia mimi kazi ya kumleta nyumbani. Mbona hamkuniuliza kwanza?" Kisha akaongeza jambo ambalo hatulisahau. Alisema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao mzee huyo hajapata kuomba chumvi mezani. Chakula kikiwa chapwa, hukila vivyo hivyo. Mama alidhani ni tabia aliyozaliwa nayo.

Ndugu wapendwa, siku ile ndipo tulipolielewa somo la Daudi. Sisi tulikuwa tumeketi pangoni kivulini, tukasema kwa wepesi: laiti tungepata habari za mahandaki! Na mzee wetu, kwa kuwa anatupenda na anaheshimu Kanisa lake, akaondoka. Akapenya tena katikati ya kambi ya adui, usiku ule ule, peke yake, ili atuletee maji tuliyoyatamani. Kiu yetu ndiyo iliyomtuma. Nasi tulikuwa tayari kuyanywa na kusifu utamu wake.

Je, basi tuache kuwauliza wazee? La. Kunyamaza nako kuna dhambi yake. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Mwanza, yakateremka kupitia nchi hii yetu ya Shinyanga kwenda Tabora, ambako Wabelgiji walitangulia kuingia mwezi Septemba. Katika vita vile watu wa Afrika Mashariki walibeba mizigo ya majeshi kwa maelfu, na wengi sana walikufa kwa njaa na magonjwa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao cha wapagazi. Lakini nani aliketi nao akawauliza habari zao? Wachache mno. Leo twajua majina ya majenerali, na babu zetu hatuyajui waliyoyaona. Tena saa inakwenda. Jenerali David Musuguri, aliyepigana Madagascar katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Vijana wa mgambo wa 1978 nao sasa ni wazee wenye mikongojo. Asiyeuliza leo, kesho ataliuliza kaburi.

Mtakatifu Luka naye alikuwa mkusanyaji wa kumbukumbu. Mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba alijitafutia kwa bidii habari za walioshuhudia kwa macho yao, akaziandika kwa taratibu. Kwa hiyo kazi hii ni njema na ina baraka ya Maandiko. Inatupasa tu kuifanya kama Daudi alivyoyapokea maji yale. Baada ya kukemewa na mama yule tuliketi pamoja na vijana, tukakubaliana mambo haya, nasi twayaweka hapa kwa kila atakayemwendea mzee wake:

Kwanza, ombeni ruhusa ya mzee, na pia mjulisheni mwenzake wa nyumbani. Habari ya vita haikai ndani ya mtu mmoja tu.

Pili, msimkatize wala kummalizia maneno. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akisema zimeni simu, zimeni, wala msiandike kwa siri.

Tatu, mwulizeni ni yapi aliyoyaona kwa macho na yapi aliyoyasikia kwa wenzake, mkayaandike mbalimbali. Wazee watatu walitueleza usiku mmoja wa kuvuka mto kwa namna tatu. Mmoja asema mvua ilinyesha, mwingine asema mbalamwezi iliwaka. Hawasemi uongo. Kila mmoja alikuwa na kichaka chake. Hata Injili ni nne.

Nne, msiulize idadi ya waliouawa. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Tena msieneze sauti yake katika simu za watu kwa kujifurahisha.

Tano, rudini. Mwandishi wa kitabu aweza kuja mara moja akaenda zake. Sisi ni jirani. Rudini kesho yake mkamjulie hali, bila simu na bila maswali.

Lipo na jambo la sita, nalo ni gumu zaidi. Msidai kusikia ushindi tu. Vita vile kwa upande wetu vilikuwa vya kujilinda, na hatuoni haya kulisema. Nasi Waanglikana hatuwezi kusahau kwamba Amin ndiye aliyewamwagia watu wake damu, na kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977 kwa sababu alithubutu kuyakemea maovu yale. Lakini historia inasema pia kwamba baada ya kutekwa Mutukula baadhi ya askari wetu walilipiza kisasi kwa kubomoa nyumba, na raia wakauawa, na kwamba Mwalimu aliposikia alihuzunika akaamuru raia na mali zao waheshimiwe. Mzee akianza kutusogezea mambo ya namna hiyo, tusimfunge kinywa kwa nyimbo za ushindi. Yule aliyeuliza habari ya chumvi alikuwa mtu. Labda alikuwa amebatizwa katika Kanisa lile lile la Luwum. Mzee wetu amelijua hilo miaka yote, wala hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa sisi tuliokuwa nyumbani tulimpigia ngoma aliporudi, tukamwita shujaa, tukafunga mlango.

Baada ya siku chache tulikwenda kumwomba radhi, yeye na mkewe. Alitupokea vizuri. Alisema hana kinyongo, tena anataka kuzungumza, ila si na simu. Tukaketi naye mpaka jioni. Aliyotuambia siku ile hatuyaandiki hapa, wala hayatakwenda kwa waandishi wa kitabu. Habari za majembe, za meli na za mihogo watazipata, maana hizo ni za historia. Yaliyosalia tuliyamimina mbele za Bwana pamoja naye, kwa maombi, tukarudi nyumbani kimya.

Liko jambo moja tu alilotupa ruhusa kulisema. Wengi mnamwona kila Jumapili, akiketi benchi la nyuma karibu na dirisha. Wakati wa Ushirika Mtakatifu watu hupita mbele, yeye hubaki. Wachungaji waliopita walidhani ni shauri la ndoa. Wengine mmesema maneno mitaani. Sababu aliyotupa ni hii: tangu vita ameona kwamba mikono yake haifai kupokea mkate.

Ndugu, mtazameni Daudi. Alikuwa askari tangu ujana, na Mungu alimkataza kujenga hekalu kwa sababu alikuwa mtu wa vita aliyemwaga damu. Hata hivyo Mungu hakumfukuza mbele zake. Zaburi ya toba tunayoisoma Jumatano ya Majivu ni yake. Na mtazameni zaidi yule Mwana wa Daudi, aliyezaliwa katika mji ule ule wa Bethlehemu wenye kile kisima. Daudi alikataa kunywa, kwa kuwa ndani ya chombo kile aliona damu ya watu wake. Lakini Bwana wetu, usiku ule aliotolewa, alitwaa kikombe akawaambia rafiki zake wanywe, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na damu yake mwenyewe. Yeye hakumtuma mtu kupenya kambi ya adui kwa ajili ya kiu yake. Alipenya mwenyewe, hakurudi na maji tu, alijimimina. Mbele ya meza hiyo hakuna anayeulizwa aliua wangapi. Mtu huulizwa kama anatubu, na kama ana njaa.

Hayo tulimwambia mzee wetu. Alisikiliza, akaitika kwa kichwa. Jumapili iliyofuata alibaki kwenye benchi lake. Jumapili ya pili pia. Hatukumwuliza neno, wala hatutamwuliza. Twawaomba nanyi msimkodolee macho. Lakini twawaomba jambo jingine: kila mpitapo mbele kwenda Mezani, jueni kwamba yuko ndugu aliye nyuma, nanyi pitieni polepole, kana kwamba mnaacha nafasi.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyaona mahandaki yote, yetu na yao, ukawajua kwa majina wote waliokuwamo. Utusamehe kiu yetu ya habari tusizozilipia. Uwape wazee wetu usingizi, na wake zao uwape nguvu. Uwapokee waliolala Kaboya, na wale wa upande wa pili ambao makaburi yao hayana alama. Utufundishe kusikiliza kama watu waliopewa maji kwa gharama ya damu. Na wale waonao kwamba mikono yao haifai, uwavute kwa upole, kwa siku uijuayo wewe, mpaka Meza yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.